Bibi anaposahau: si uchawi, na si uzee tu

Mwezi uliopita ukurasa huu ulikuwa wa watoto wachanga. Mwezi huu tunageukia upande wa pili wa nyumba, tunakwenda kukaa na wazee.

Sababu ni maswali yenu. Mama mmoja anauliza: "Mama mkwe wangu ananiuliza jambo lile lile mara kumi kwa siku. Je, ananichokoza?" Kijana mwingine anasema baba yake alitoka kwenda bombani kuchota maji, akaonekana jioni kwenye zoni nyingine, ndoo tupu mkononi. Na familia moja, hatutaitaja wala kijiji chake, inasema: "Majirani wanasema bibi yetu ni mchawi kwa sababu anatembea usiku na kusimama kwenye milango ya watu. Tufanye nini?"

Swali hili la mwisho ndilo lililotufanya tusingoje mwezi mwingine. Neno "mchawi" likishatoka kinywani halirudi, na sisi tuliotoka vitani tunajua jinsi neno moja linavyoweza kumwaga damu. Basi tukae tuelewane polepole.

KUSAHAU NI KWA NAMNA MBILI

Kila mtu anasahau. Umeweka ufunguo mahali, unautafuta nyumba nzima, halafu unaukuta mfukoni. Umekutana na mtu sokoni, uso unaujua, jina halikuji, unafika nyumbani ndiyo linakuja. Umri ukisogea mambo haya yanaongezeka kidogo, kama miguu inavyopunguza mwendo. Huo ni uzee wa kawaida, usikutie hofu.

Namna ya pili ni nyingine. Mtu hasahau tu alipoweka ufunguo, anaushika mkononi na hajui ni wa kazi gani. Mama aliyepika bukari miaka hamsini anasimama mbele ya sufuria na hajui kama unga unatangulia au maji. Baba anapotea kwenye njia anayopita kila siku. Anakula, na nusu saa baadaye analalamika kwa jirani kwamba watoto wamemnyima chakula. Anaficha kadi ya mgao chini ya mkeka, anasahau, kisha anasema mkwe ameiiba. Hasemi hivyo kwa ubaya. Kwake yeye, kadi ilikuwepo na sasa haipo, basi lazima kuna aliyeichukua.

Kuna jambo linalowachanganya wengi. Mtu huyo huyo asiyekumbuka alichokula asubuhi anaweza kukueleza vita vya Mulele kule Fizi mwaka 1964, nani alikimbilia mlimani na nani alivuka ziwa. Mzee wa Burundi atakueleza mwaka 1972 siku kwa siku. Ndiyo maana wengine wanasema, "Huyu anajifanya tu, mbona ya zamani anayajua?" Hajifanyi. Ugonjwa huu mara nyingi unaanza kwa kuharibu sehemu ya ubongo inayopokea mambo mapya. Yale ya zamani yalikwisha kuota mizizi, yanachelewa kung'oka.

UBONGO UNAPOUGUA

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo moja na kitu, si zaidi ya kilo moja na nusu. Lakini mdogo hivyo hivyo, unakula karibu sehemu moja ya tano ya nguvu zote za mwili. Unategemea damu safi, chakula, usingizi na hewa. Ukikosa, unaumia kama kiungo kingine chochote.

Hali ya akili kupungua mpaka mtu anashindwa shughuli zake za kila siku, madaktari wanaiita demensia. Si ugonjwa mmoja, ni jina la kundi. Unaoongoza ni ugonjwa wa Alzheimer. Jina ni la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, ambaye mwaka 1906 alieleza habari za mwanamke aliyekufa baada ya kupoteza kumbukumbu. Alipoutazama ubongo wake kwa darubini akaona uchafu umejikusanya, na nyuzi ndogo zimejisokota ndani ya chembe za ubongo. Mama yule alikuwa na miaka hamsini na mitano tu. Basi asije mtu kutuambia ni uzee tu. Wazee wengi wanafika miaka tisini na akili zao ni kali kama wembe.

Sababu ya pili kwa ukubwa ni mishipa ya damu. Presha ya muda mrefu inaharibu mishipa midogo ya kichwani, damu haifiki vizuri, na kipande kimoja baada ya kingine cha ubongo kinakufa. Wengine wanapata kiharusi kikubwa cha kuonekana, mdomo ukapinda na mkono ukalegea. Wengine wanapata viharusi vidogo vidogo ambavyo hakuna anayeviona, ila akili inashuka ngazi moja moja.

Na msifikiri ni ugonjwa wa Wazungu. Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya watu milioni 55 wenye hali hii, na zaidi ya nusu wako katika nchi zenye kipato kidogo na cha kati. Hapa hapa Tanzania, katika wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro, watafiti walipita kijiji kwa kijiji wakawapima wazee wa miaka 70 na zaidi. Walikuta kama 6 katika kila 100 wana demensia, na karibu wote walikuwa hawajawahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba wanaumwa. Familia nyingi zilidhani ni uzee, na wengine walisema ni kurogwa. Unaona? Hatuko peke yetu.

USIKATE TAMAA KABLA YA KUPIMA

Hapa tunaomba msome mara mbili. Siyo kila aliyechanganyikiwa ana demensia. Kuna magonjwa yanayofanana nayo kabisa ambayo yanatibika, na mzee anarudi kama zamani. Tunayataja.

La kwanza ni homa na maambukizi. Kama bibi alikuwa mzima jana na leo anaongea na watu wasiokuwepo, hiyo si demensia. Demensia inakuja kwa miezi na miaka, haiji kwa usiku mmoja. Kuchanganyikiwa kwa ghafla kwa mzee kunaweza kuwa malaria, nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, kukosa maji mwilini, sukari iliyopanda au kushuka, au dawa aliyomeza. Tena mzee anaweza kuwa na maambukizi makali bila mwili kuwa moto sana. Mpeleke zahanati siku hiyo hiyo, hata kwa machela, hata kama ni Jumapili. Na ukiona mdomo umepinda, mkono mmoja umelegea au maneno hayatoki sawasawa, usingoje hata saa moja.

La pili ni njaa ya vitamini. Sisi tunaokula unga wa mahindi mwezi hadi mwezi, hili linatuhusu hasa. Mahindi peke yake hayaupi mwili vitamini ya kutosha iitwayo niasini, na mtu akiikosa muda mrefu anapata ugonjwa wa pelagra. Dalili zake ni tatu. Ngozi inakuwa nyeusi na kupasuka pale jua linapopiga, kama mikono, miguu, na shingoni kama mtu amevaa mkufu. Tumbo linaharisha. Akili inavurugika. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walipatwa na ugonjwa huu, zaidi ya watu 17,000. Kilichotokea ni nini? Karanga zilikosekana kwenye mgao, wakabaki na mahindi. Hawakuwa na laana yoyote, walikosa karanga. Dawa yake ni vidonge vya vitamini, na anayetibiwa mapema anapata nafuu haraka. Kwa hiyo mkibahatika kupata karanga, maharage, dagaa, yai au nyama kidogo, msiseme ni vya watoto tu. Mzee naye apewe. Wapo wazee wengi kambini wanaojinyima ili wajukuu wale, na hakuna anayewaona.

Kuna pia vitamini B12, inayopatikana kwenye nyama, samaki, maziwa na mayai. Ikikosekana kwa miaka, miguu inakufa ganzi na kumbukumbu inapungua. Nayo ina sindano na vidonge vyake. Na ugonjwa wa tezi ya shingo pia unaweza kumfanya mtu awe mzito wa akili.

La tatu ni huzuni. Nani kati yetu hajazika, au hata kukosa nafasi ya kuzika? Mzee aliyeacha shamba, ng'ombe na makaburi ya wazazi wake, akaja kuzeekea chini ya turubai, anaweza kunyamaza, asile, asilale, asikumbuke. Mkidhani akili imekwisha, kumbe ni moyo uliovunjika. Huzuni ya namna hiyo nayo ina matibabu, na dawa yake ya kwanza ni watu kukaa naye.

La nne ni masikio na macho. Mzee asiyesikia anajibu mambo ya ajabu, nyumba inacheka, na yeye ananyamaza. Wakati mwingine ni nta tu imeziba sikio, na mhudumu anaweza kuitoa. Usiingize kijiti wala msumari. Mwenye mtoto wa jicho haoni nyuso, basi anaonekana hamjui mwanawe. Mtoto wa jicho unatolewa kwa upasuaji mdogo.

La tano ni pombe. Kanyanga na gongo vinaunguza ubongo polepole, na mlevi asiyekula anakosa vitamini nyingine tena. Hapa hatuhukumu mtu. Ila mnywaji wa kila siku asiache kwa siku moja bila kumwambia mhudumu wa afya, kwa sababu anaweza kupata degedege.

Ukimpeleka mzee kupimwa, usiseme tu "amezeeka anasahau". Mwambie mganga: ilianza lini, ilianza ghafla au polepole, anakunywa dawa gani pamoja na za kienyeji, amewahi kuanguka na kuumia kichwa, analalaje, anakulaje. Omba apimwe malaria, presha na sukari. Maneno hayo machache yanasaidia kuliko unavyodhani.

BIBI ANAYETEMBEA USIKU

Sasa turudi kwa familia iliyotuandikia. Wagonjwa wengi wa demensia wanavurugika zaidi jua linapozama. Giza linaingia, vivuli vinacheza ukutani, na mgonjwa anaanza kusema "nataka kwenda nyumbani", wakati yumo nyumbani. Nyumba anayoitaka haipo kambini. Iko Baraka, iko Uvira, iko Makamba, tena ni ile ya miaka mingi iliyopita. Anatoka nje akiifuata. Akisimama mlangoni kwako saa nane za usiku, pengine kwake huo ni mlango wa dada yake aliyekufa zamani. Hajui hata kwamba umemwogopa. Anashangaa tu kwa nini dada yake hafungui.

Anaongea peke yake kwa sababu anamwona mtu ambaye ubongo umemletea. Anaokota takataka na kuzifunga kwenye kitambaa kwa sababu anadhani ni mali. Na macho mekundu? Uliza mwanamke yeyote aliyepika kwa kuni miaka hamsini. Kule Shinyanga na Mwanza, katika miaka ya 1990 na 2000, vikongwe wengi waliuawa kwa kudhaniwa ni wachawi, na macho mekundu yalikuwa moja ya "ushahidi" wao. Ushahidi wa moshi!

Basi, ninyi wenye bibi huyo, fanyeni hivi. Msimfiche. Ukimficha, majirani watasema mna siri. Mpelekeni zahanati, mpate maelezo ya mganga. Kisha waiteni majirani wa karibu, hata kwa kikombe cha chai ya rangi, muwaambie: "Mama yetu anaumwa ubongo. Akija kwenu usiku, mshikeni mkono, mwiteni kwa jina lake, mtuletee." Mkimaliza, mwambieni kiongozi wa kijiji, sungusungu wa zamu, na mchungaji, padri au shehe wenu. Anayejulikana kwamba ni mgonjwa si rahisi kugeuzwa mchawi. Kama tayari kuna vitisho, kama mtu amesema atachoma nyumba au atampiga, hilo si jambo la kumaliza kwa mazungumzo. Ni la polisi na la ofisi ya ulinzi wa wakimbizi, siku hiyo hiyo.

Nanyi majirani, tunawaomba. Methali inasema hujafa hujaumbika. Leo ni bibi wa mwenzako, kesho ni mama yako, na kesho kutwa ni wewe. Utapenda ushikwe mkono, au upigwe jiwe?

TUCHUNGE UBONGO TANGU LEO

Vijana msifunge ukurasa, sehemu hii ni yenu. Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la utabibu la Lancet la Uingereza lilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya demensia, likasema kwamba kama yote yangeondolewa, karibu wagonjwa 45 katika kila 100 wangeepuka au kucheleweshwa. Mengine yako nje ya uwezo wetu. Haya hapa tunayaweza, hata kambini:

Pima presha. Haipigi hodi, unaweza kukaa nayo miaka bila kuumwa kitu. Ikiwa zaidi ya 140 juu au 90 chini kila unapopimwa, unahitaji kutibiwa. Ukipewa dawa, usiache kwa sababu unajisikia vizuri. Unajisikia vizuri kwa sababu ya dawa. Punguza na chumvi kwenye maharage.

Pima sukari, hasa kama unakojoa sana na kiu haikomi. Acha sigara na ugoro. Punguza pombe, na ukiweza iache.

Linda kichwa. Ukipanda pikipiki vaa kofia ngumu. Na wanaume, tuseme ukweli: kumpiga mwanamke kichwani au kumpiga mtoto makofi ya kichwa ni kuharibu ubongo. Ukiachilia mbali kwamba ni kosa na ni aibu.

Tembea. Wengi wetu tunatembea vya kutosha, lakini wazee tunawakalisha kwenye mkeka asubuhi mpaka jioni, tukidhani ni heshima. Mwache mzee afanye kazi anayoiweza, achambue maharage, afagie, amwagilie lengalenga nyuma ya nyumba.

Kula mboga. Hatuna fedha za matunda ya sokoni, lakini lengalenga, matembele na sombe vinaota hata kwenye gunia lenye udongo mbele ya mlango. Ongeza dagaa ukipata. Sombe itwangwe na kuiva vizuri.

Toa moshi. Pikia nje kama hakuna mvua, au toboa dirisha juu ya jiko. Moshi unaoingia kifuani unafika mpaka kwenye mishipa ya ubongo.

Soma. Shule ni kinga. Aliyesoma utotoni ana akiba kubwa ya akili ya kutumia uzeeni. Kila binti anayetolewa shule ili aolewe anaibiwa na akiba hiyo. Na watu wazima, madarasa ya kisomo si ya kuonea aibu. Ubongo unajifunza mpaka mwisho.

Usikae peke yako. Kwaya, kikundi cha kusuka vikapu, sala, kucheza igisoro chini ya mti, vyote vinaushughulisha ubongo. Kule Hai niliyotaja juu, wagonjwa walikusanywa katika vikundi vidogo, wakaimba, wakazungumza habari za zamani, wakacheza michezo ya kutumia akili, na watafiti wakaona hali yao imekuwa bora. Hilo halihitaji mashine wala umeme.

KAMA UGONJWA UMESHAINGIA

Tusiwadanganye. Ugonjwa wa Alzheimer mpaka leo hauna dawa ya kuuponya. Dawa zilizopo zinasaidia kwa kiasi, hakuna inayourudisha ubongo kama ulivyokuwa. Kwa hiyo mtu akija na chupa na kudai inaponya kumbukumbu kwa siku saba, tunza pesa zako ununulie karanga. Lakini kukosa dawa si kukosa la kufanya. Matunzo mazuri ndiyo dawa kubwa.

Usibishane naye. Akisema anamtafuta mama yake, usimwambie "mama yako alikufa zamani". Kila ukimwambia, anapata msiba upya, kisha anasahau, kesho unampa msiba tena. Mwambie: "Hebu niambie, mama alikuwa anapikaje?" Atakueleza, na moyo utatulia.

Sema naye kwa maneno machache, jambo moja kwa wakati. Si "vaa, kunawa, njoo ule". Mpe nguo. Akimaliza, mpe maji. Msogelee kutoka mbele, jitaje jina, usimshtue.

Weka siku zake ziwe na mpango mmoja. Aamke saa ile ile, ale mahali pale pale. Usihamishe vitu vyake. Njia ya chooni iwe wazi, na mpeleke kabla hajaomba. Usiku mwachie taa ya sola kama ipo.

Mshonee kitambaa ndani ya nguo chenye jina lake, zoni, kijiji na namba ya nyumba. Akipotea, mtu yeyote anayejua kusoma atamrudisha. Ndoo ya maji ya moto, moto wa jiko, panga na dawa visikae karibu naye. Kadi ya mgao itunzwe na mtu mmoja anayeaminika, na kama hawezi kupanga foleni, nendeni dawati la huduma za jamii mapema muulize utaratibu wa mtu wa kumchukulia. Msingoje siku ya mgao yenyewe.

Msimfunge kamba. Msimfungie ndani peke yake. Msimpige "ili akumbuke". Fimbo haijawahi kurudisha kumbukumbu ya mtu, inaongeza hofu tu, na hofu inaongeza kuvurugika.

Na jambo moja tamu. Mara nyingi nyimbo zinabaki muda mrefu baada ya maneno kupotea. Mtu asiyelijua jina la mwanawe anaweza kuimba wimbo wa kanisani au wa harusi kutoka mwanzo hadi mwisho. Mwimbieni.

NA ANAYETUNZA?

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, yaani unauona mwepesi kwa kuwa haupo kichwani kwako. Katika kambi nyingi anayebeba mzigo huu ni mwanamke mmoja, mara nyingi mkwe au binti aliyeachishwa shule. Anaamshwa usiku mara tano, mchana anachota maji na kutafuta kuni, na shukrani anayopata ni kuitwa mwizi wa kadi. Akikasirika si mtu mbaya. Amechoka.

Wana wa kiume, mama ni wenu pia. Pangeni zamu. Mmoja ashike usiku wa Jumatatu, mwingine Jumanne. Mkiwa mbali, mkiwa mmeshapelekwa Marekani au Kanada, pigeni simu mzungumze na anayetunza, msiulize tu "mama hajambo?" Muulizeni "wewe umelala?" Vikundi vya kanisa na msikiti, kukaa na mgonjwa saa mbili ili mtunzaji akaoge na kulala ni sadaka kubwa kuliko sabuni.

YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

Tunawaachia maswali matatu, myajibu pamoja jioni mkimaliza kula.

Kwanza, mzee wetu alikula nini jana? Alikula kweli, au aliwaachia watoto?

Pili, nani katika nyumba hii hajapima presha mwaka huu, na tutakwenda lini?

Tatu, kazi ya watoto. Chukueni daftari, mkae na bibi au babu, muandike majina: baba yake nani, babu yake nani, kijiji gani, mto gani, walilima nini, walivuka ziwa lini. Penye wazee haliharibiki neno, lakini neno lisiloandikwa linaondoka na mwenyewe. Mzee akikumbuka, ubongo wake unafanya mazoezi. Akija kusahau, ninyi ndio mtakaomkumbusha. Na siku tutakaporudi kwetu, daftari hilo litawaonyesha shamba letu lilikuwa wapi.

Mwezi ujao tutaongea juu ya meno ya watoto. Maswali yenu tunayapokea kama kawaida, mpeni mhudumu wa afya wa kijiji chenu atatufikishia. Tunzeni wazee, nao waliwatunza. Kwaherini.